Ndoo ya Serikali

Mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia kupita kiasi. Nimesimamia mitihani ya kitaifa miaka mingi, na sijawahi kuchungulia karatasi kabla ya saa yake wala kumwacha mtahiniwa aazime rula bila kuinua mkono. Walimu wenzangu hunitania kwamba nyumbani kwangu ugali hausongwi mpaka waraka utoke wizarani. Kwa hiyo afisa wa mazingira alipoweka ndoo ya serikali nyuma ya nyumba yangu, akaniambia nisiiguse wala nisiichungulie kwa siku thelathini, sikuigusa wala sikuichungulia. Ningekuwa mkaidi kidogo tu, kama dada zangu, mambo yangekwenda vingine.

Nyumba yetu iko Kitengela, ndani kupita Noonkopir, pale ambapo lami huisha ghafla na changarawe ikaanza. Sisi ni watu wa magharibi. Kwetu shamba la baba limegawanywa kwa ndugu hadi mtu akilima anachelea kugonganisha jembe na la jirani, na tulipopata ploti huku, mimi na mume wangu, tulisimama katikati yake tukanyoosha mikono tu, kwa furaha ya kutomgusa mtu. Mume wangu huendesha lori la masafa marefu na huonekana nyumbani kwa kuvizia. Kila tulichokuwa nacho tulikitia kwenye mawe, saruji na mabati.

Mwaka wa pili, ng'ambo ya uwanja, upande ule ule ambao upepo hutokea, likazungushwa ua refu. Tukaambiwa ni ghala. Ghala gani huota bomba la moshi? Kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu na betri kuukuu za magari. Moshi wake ulitoka alfajiri, ukalala juu ya mapaa yetu, nawe ukiamka unakuta ladha ya sarafu chini ya ulimi. Mapazia yangu meupe yakawa na rangi ya chai ya rangi. Nikiyafua, maji ya kwanza yanakuwa meusi, ya pili meusi, ya tatu nachoka.

Binti yetu alikuwa na miaka sita kifua kilipoanza kumbana. Mara ya kwanza nilidhani ni mafua. Mara ya nne daktari alinipa pampu ya dawa, akaniambia kwa upole nimhamishe mtoto kutoka pale. Nilimuuliza, "Nimpeleke wapi, daktari?" Alikuwa mtu mwema, aliangalia kalamu yake tu.

Tulijaribu kuuza. Walikuja wanunuzi watatu. Wa tatu alikuja na mkewe, na yule mama alishuka langoni, akavuta pumzi mara mbili, akarudi garini. Tukajaribu kumpeleka mtoto kwa mama yangu, magharibi, akasome huko kwenye hewa ya miti. Muhula mmoja tu, malaria ikamlaza hospitalini mara mbili. Mtoto aliyezaliwa Kitengela hana kinga ya mbu wa kwetu. Mara ya pili alichomwa dawa siku tano mfululizo na mama yangu hakula. Nilimfuata nikamrudisha. Huku moshi, kule mbu. Tangu siku hiyo amekuwa akicheza ndani, madirisha yamefungwa, na Kitengela bila dirisha ni tanuri. Ananiambia sebule yetu ina vigae mia moja na kumi na mbili, na kimoja kimepasuka.

Basi nikaandika barua. Naandika barua nzuri, sitajifanya mnyenyekevu. Afisa wa mazingira akaja kutoka Kajiado, mwanamume mwembamba mwenye macho ya mtu anayesafiri sana, na mashine ndogo ya kupimia hewa mkononi. Alikuja mara tatu. Mara zote tatu bomba lilikuwa safi kama la kanisani, kwa sababu kanuni za ofisi yao zilimtaka ampe mwenye kiwanda taarifa kwa maandishi siku kadhaa kabla. Siku hizo wafanyakazi walifagia mpaka nje ya lango. Mara ya tatu nilishindwa kujizuia.

"Afisa, mgonjwa hupimwa akiwa mgonjwa. Wewe unampigia simu kwanza apone."

"Mwalimu," akasema, "mimi naandika kile mashine inasema. Harufu haina mahali kwa hii fomu."

Nilimchukia siku ile. Baadaye nilijua ana kaunti nzima, kuanzia kwetu hadi mpakani, na gari lenye mafuta siku mbili kwa wiki. Lakini siku ile nilimchukia kabisa.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikikusanya sahihi. Jirani yangu, mama Mmaasai ambaye familia yake ilikuwa hapo kabla ya ploti zote, alitia kidole gumba na kunicheka. Ng'ombe wake alikuwa ameshawahamishia kwa kaka yake ndani ya Kajiado. Alibaki na mbuzi wachache tu. "Ng'ombe wangu wako na miguu," alisema. "Hii nyumba yako ya mawe, mwalimu, itatembea lini?" Nilicheka naye, lakini sikupenda.

Sahihi zile ndizo zilizoleta ndoo. Afisa alikuja nayo mwenyewe, ndoo nyeupe ya kawaida kwa macho, ikiwa juu ya stendi ya chuma inayonizidi kimo, na ndani yake maji masafi yaliyopimwa. Alinieleza na nilielewa mara moja, maana ni sayansi ya darasa la sita. Chochote kinachoanguka kutoka angani kitaangukia majini humo na hakitapeperuka tena. Baada ya siku thelathini maji yatapelekwa maabara Nairobi, yakaushwe, masalio yapimwe uzito na kuchunguzwa kama yana madini ya risasi. Kiwanda kitajulishwa, ndiyo, na mtu wake atashuhudia kuwekwa na kuondolewa. Lakini tanuri halizimwi siku thelathini. Ndoo itakaa pale mchana na alfajiri bila kupewa chai na mtu.

"Ziko chache," afisa aliniambia. "Hii imetoka kwa machimbo ya mawe. Ikitoka hapa kuna watu wengine wameingoja. Ikikosa kufaulu, sijui itarudi lini. Usiiguse, usiichungulie, usiongeze maji, usitoe kitu. Ikipata kile nadhani itapata, niko na nguvu ya kufunga hilo tanuri mpaka waweke vichujio."

Sijawahi kupewa agizo lililonifurahisha namna ile. Nilimwambia binti yangu. Niliwaambia majirani wote. Mchungaji alitangaza kanisani kwamba ndoo ya mwalimu isiguswe. Niliizungushia stendi miiba, na jirani yangu alisimama uani akanishangaa.

"Mwalimu, sasa unajengea maji boma?"

"Kwa sababu ya mbuzi zako," nikamjibu.

Siku ya tatu binti yangu alizidiwa shuleni. Mume wangu alikuwa amekwama na lori mpakani. Nilikaa hospitalini na mtoto siku mbili, na mama yangu, aliposikia, alipanda basi la kwanza bila kungoja kuitwa. Niliporudi na mtoto nilimkuta yuko jikoni kwangu, amefunga kitambaa kichwani, amekwisha kupanga upya sufuria zangu zote. Nililia kidogo begani kwake, kisha nikalala. Kesho yake niliamkia kazini. Niliwaambia wote kuhusu ndoo ile, hata mwenye kuuza maji kwa mkokoteni. Mama yangu sikumwambia.

Lazima nikueleze mama yangu. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mmoja wa wale waliofundishwa na serikali na kupewa fulana na mkoba. Kila Alhamisi alizunguka boma kwa boma akitafuta maji yaliyotuama. Mikebe, tairi kuukuu, vipande vya chungu, hata alama ya kwato la ng'ombe iliyokauka matopeni. Popote maji yanapokaa wiki nzima, mbu huzaa. Aliyamwaga, akasugua chombo, akamsomea mwenye boma. Watu walimwogopa. Fulana yake maandishi yamefutika, lakini Alhamisi bado ilikuwa Alhamisi. Na mjukuu wake alikuwa amelazwa mara mbili kwa malaria aliyoipata chini ya paa lake. Hakuwahi kujisamehe jambo hilo. Alikuwa akisema mbu wale walimwaibisha.

Mwezi ule ulipita vizuri kuliko miezi mingine, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na tumaini. Alfajiri nikionja sarafu mdomoni nilisema moyoni, haya, tapika yote, ndoo inakungoja. Binti yangu aliamka akikohoa nami nikahesabu siku. Alhamisi nilikuta nyumba na ua vikimeremeta, na mara mbili niliona kigoda cha jikoni kikiwa kimeegemea ua, kimelowa. Nikadhani mama ameosha madirisha. Nilipita chini ya stendi ile mara mia, na mara mia sikuinua shingo, nikajipongeza kwa adabu yangu. Mtihani uliofungwa hauchunguliwi.

Siku ya thelathini afisa alikuja asubuhi, na bwana wa kiwanda akaja na gari lake, mwenye kizibao cha kung'aa na viatu visivyojua changarawe. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani kwa ajili ya wageni. Alikuwa jikoni akimenya viazi vitamu vya kuchemsha. Afisa aliegemeza ngazi, akapanda, akainama juu ya ndoo. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kitu.

Aliposhuka aliniangalia mimi, kisha akaangalia mapazia yangu.

"Panda uone," akasema.

Nilipanda. Maji yalikuwa masafi kabisa. Niliona kitako cha ndoo, nikaona uso wangu, nikaona mikwaruzo midogo ya duara, ile inayoachwa na waya wa kusugulia sufuria. Na ndoo ilinukia sabuni ya limau. Ilikuwa sabuni yangu. Nikakumbuka kigoda, nikakumbuka Alhamisi. Sikuwa na haja ya kuuliza mtu.

Bwana wa kiwanda naye alipanda, akashuka akitabasamu. "Hewa yenu ni safi sana, mwalimu. Ama kuna mtu ameingilia kifaa cha serikali? Kwa sababu hiyo ni kesi. Watu wanafungwa."

Afisa alitoa fomu. Alikuwa na uso wa mtu anayezika. Akaniambia kuna swali moja ambalo sharti mlalamishi alijibu mbele ya mashahidi na kutia sahihi: je, kifaa kiliguswa? Nikijibu hapana, maji haya yanakwenda maabara na kiwanda kinapata karatasi ya kuwa hewa yake ni safi. Nikijibu ndiyo, sampuli inatupwa, na lazima niandike ni nani aliyegusa.

Wakati huo huo mama akatoka na sinia. Chai, vikombe vya wageni, viazi. Aliwaamkia wote, akamwita yule wa kiwanda mwanangu, akampa kikombe cha kwanza. Kisha akaona hakuleta sukari, akajipiga paja kwa aibu, akarudi ndani.

Nimekuwa nikijiuliza kama kulikuwa na jibu la tatu. Nimelitafuta miezi mingi, kama mtoto anavyotafuta jibu kwenye dari la darasa. Wewe ukiliona, usiniambie.

"Ndiyo," nikasema. "Iliguswa. Ni mimi. Niliona imechafuka nikaiosha."

Afisa hakuamini. Mtu aliyesoma barua zangu zote angeaminije? Aliinua kalamu, akaangalia mlango wa jikoni, akaniangalia tena, na nilimkazia macho kama ninavyomkazia mtahiniwa anayegeuka nyuma. Akaandika jina langu. Mama alirudi na sukari, akawakorogea mwenyewe. Walikunywa chai yote.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Lalamiko limefungwa kwa kuwa mlalamishi mwenyewe aliharibu sampuli. Kesi hawakufungua, afisa, nadhani, aliipunguza makali kalamuni. Lakini kiwanda kilikuwa na nakala, na nakala ilisambaa mtaani kabla sijamaliza kuisoma. Kuna methali ya maji yaliyomwagika ambayo kila mtu aliona ni haki yake kunirushia siku zile, sitairudia hapa. Baadaye mchezo ukaisha na maneno yakawa mengine. Mwalimu gani huosha ndoo ya kupimia? Mwalimu amenunuliwa. Kanisani, kwenye kwaya, dada niliyeshirikiana naye kitabu cha nyimbo alianza kuja na chake.

Mambo hayo mama aliyasikia kwenye kioski cha maji. Hakuniambia. Wenye ploti walipoitisha mkutano katika darasa la chekechea, alivaa gauni lile lile akasema anakuja nami. Nilimwambia abaki na mtoto. Akasema mtoto atakuja pia.

Watu wazima wote tulikuwa tumekalia viti vya watoto, magoti karibu na masikio. Wakati mwingine wowote ningecheka. Mwenyekiti alizungukazunguka na maneno, halafu mzee mmoja wa nyuma akachoka.

"Mwalimu, sisi hatutaki maneno mingi. Watoto wetu pia wako na kifua. Tuambie tu, walikupea nini?"

Nilisimama. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, na yote yalikuwa ya uongo. Nikisema ukweli, ni mama yangu aliyeketi kando yangu. Nikinyamaza, nimekubali. Nilisimama tu pale, mikono imeshika meza yenye michoro ya nanasi, nikisikia binti yangu akivuta pumzi kwa shida karibu na kiwiko changu.

Ndipo mama akainuka.

"Mnisamehe, mimi ni mgeni hapa," akasema. "Lakini nimesikia mkimtukana mtoto wangu na siwezi kunyamaza. Huyu hawezi kugusa kitu cha serikali. Mimi ndiye nimemzaa, namjua. Alikuwa kazini. Mimi ndio nilikuwa nyumbani na hiyo ndoo mchana yote. Nilikuwa naiangalia vizuri. Kila Alhamisi nilikuwa napanda kwa kigoda, naimwaga, nasugua, naweka maji safi ya kunywa. Mbu hata mmoja hakuzaa hapo. Na maji yenyewe yalikuwa meusi! Meusi kama ya kuosha sufuria ya kuni. Nikashangaa serikali gani inaacha maji chafu kwa nyumba iko na mtoto mgonjwa. Kwa hivyo kama mtu amesema iliharibiwa, huyo ni mwongo. Hakuna mtu aliiharibu. Mimi nilikuwa hapo."

Mama alingoja wakubali. Alitazama uso mmoja, akatazama mwingine, na uso wake mwenyewe ukaanza kubadilika polepole. Akanigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo, "Nimesema nini?"

Jirani yangu Mmaasai ndiye aliyeinuka kwenye kiti chake kidogo, akaja, akamshika mkono. "Yeyo," alimwita, yaani mama, "keti. Keti, yeyo." Akamkalisha. Mzee wa nyuma alivua kofia, akaivaa tena. Mkutano ukaisha bila mtu kuufunga.

Afadhali wangetukana. Hawakutukana. Walianza kutuletea vitu, maziwa, ndizi, na hawakujua pa kuweka macho. Siku ya tatu, tukichambua mboga, mama akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Nami nikawaka. Sitaki kujipamba, nilimpigia kelele mama yangu mzazi. "Kwa nini hukuuliza? Ndoo imewekwa juu ya chuma, imezungushiwa miiba, wewe unaona ni ya kuoshwa?"

Alisubiri nimalize. "Serikali ndiyo ilinifundisha kumwaga," akasema. "Ilinipa cheti."

Nilitoka nje nikasimama pale stendi ilipokuwa. Matundu manne ardhini. Moshi ulikuwa umetulia siku ile, jua likiwaka, mbuzi wakila miiba niliyoiweka mimi. Nilikuwa na hasira na kila mtu na sikumpata hata mmoja wa kumlaumu nikatosheka.

Juma lililofuata mama alikwenda sokoni akarudi na beseni jeupe. Akamwita fundi, akaeleza kwa mikono urefu wa stendi. Akajaza maji, akazungushia miiba, akakaa chini yake na kigoda chake. Tangu hapo hajarudi kwao. Nikimwambia shamba linamngoja, husema linajua kungoja. Kila baada ya siku thelathini hushusha beseni, hukoroga, humimina maji yale meusi kwenye chupa, huandika tarehe kwa kalamu nene, kisha huanza tena.

Chupa ya kwanza niliipeleka mimi mwenyewe Kajiado, nimeifunga kwa kanga. Afisa alinipa kiti. Aliishika dirishani, akaigeuza, tope likapanda na kushuka taratibu.

"Mwalimu, hii siwezi kupokea. Haina muhuri. Haina shahidi. Kwa sheria hii ni maji tu."

"Na ndoo yenu?"

"Iko foleni. Nimewaweka tena kwa orodha. Sijui lini." Alinirudishia chupa kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha mtoto wa mwenzake. Niliporudi nilimweleza mama. Akasema, sawa, basi ziwe tayari wakija.

Sasa ziko tisa, zimepangwa kwenye dirisha lisilofunguliwa la chumba cha binti yangu, kwa sababu ndilo dirisha pekee lenye nafasi. Mama naye ameanza kukohoa, kikohozi kikavu cha asubuhi, na anadai ni vumbi la Kitengela. Kiwanda kiko pale pale. Siku zile ambazo afisa huja baada ya taarifa yake ya maandishi, bomba bado huwa safi.

Jumamosi iliyopita binti yangu alitoka nje kidogo, dakika kumi nilizompa, pampu ikiwa mfukoni. Alimkuta nyanya yake amesimama juu ya kigoda, ameinamia beseni, miwani puani, akitafuta kitu majini kama alivyokuwa akitafuta kijijini. Nilikuwa naanika nguo, nikawasikia.

"Nyanya, si uliniambia maji ikikaa mbu zinazaa? Mbona hii huimwagi?"

Mama aliendelea kutazama majini.

"Nimeangalia miezi tisa, mjukuu wangu. Kwa haya maji hakuna mbu ameweza kuishi."